Nyumba kuukuu ya katikati ya Mwanza: inafaa kununua?

Ukitafuta nyumba ya bei nafuu Mwanza bila kuhamia pembezoni kama Buswelu au Kisesa, dalali atakupitisha Mabatini, Igogo, Mbugani, Isamilo ya juu au Kirumba. Utaonyeshwa nyumba zinazofanana: vyumba vinatazamana, korido katikati, uani kuna choo, bafu na jiko, juu bati lililoshika kutu. Kwa mtu mwenye shughuli zake mjini, tungeichagua nyumba ya namna hii kabla ya kiwanja kitupu cha pembezoni. Ila ujue unachonunua ni ardhi, msingi na njia ya kufika. Lipu, bati, milango na nyaya za umeme vihesabu kama vitu vya kubadilisha, na bei ishuke kulingana na hivyo.

Anza na msingi, maana mji huu umekaa juu ya mawe. Kwenye miteremko ya Mabatini na Igogo, nyumba nyingi zina upande mmoja juu ya mwamba na upande wa pili juu ya kifusi. Mwamba hautikisiki, kifusi kinashuka kila mvua, na ukuta unapasuka pale viwili hivyo vinapokutana. Ufa mwembamba wa lipu usikutishe. Ufa wa mshazari unaotoka kwenye kona ya dirisha hadi chini, ambao kidole kinaingia, ndio wa kuogopa. Kama mwenye nyumba anakubali, paka saruji nyembamba juu ya ufa, andika tarehe, urudi baada ya mvua kubwa kadhaa. Saruji ikikatika, nyumba bado inatembea, na hakuna rangi itakayoisimamisha.

Tazama pia mteremko ulio juu ya nyumba. Jiwe kubwa lililokaa juu ya mwamba wake ni salama, lakini lile lililoegemea udongo linaoshwa chini mwaka hadi mwaka. Ukuta wa kuzuia udongo lazima uwe na matundu ya kutolea maji. Usipokuwa nayo, maji yanajaa nyuma yake na kuusukuma hadi utoe tumbo mbele. Ukaguzi huu ufanye wakati wa vuli au masika, kwa sababu kiangazi huficha mengi.

Kuta za nyumba za zamani mara nyingi ni tofali mbichi za udongo zilizopigwa lipu ya saruji. Gonga kwa mpini wa nyundo kuanzia sakafuni hadi kiunoni. Ikilia kama debe tupu, lipu imeshaachana na tofali: unyevu unapanda kutoka chini, saruji inauzuia kutoka, udongo unalainika. Rangi mpya sehemu ya chini tu ni ishara kwamba kuna kitu kimefunikwa. Dawa yake ni kubandua lipu yote mbovu, kuacha ukuta ukauke, kisha kupiga lipu ya ndoo 1 ya saruji, 1 ya chokaa na 6 za mchanga. Saruji kali itarudisha tatizo lile lile. Nyumba nyingi kati ya hizi hazina lenta, yaani mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, kwa hiyo wazo la kuongeza ghorofa liache kabisa. Mbao za paa zichome kwa bisibisi pale zinapokutana na ukuta, ndipo mchwa huanzia.

Choo kinaweza kuharibu hesabu yote. Kwenye mwamba shimo huwa fupi na hujaa haraka, na gari la majitaka haliwezi kupanda vichochoro. Pima umbali kutoka barabarani, uwaulize wenye magari hayo mpira wao wa kunyonyea unafika mita ngapi. Baadhi ya mitaa ya milimani imefikiwa na mabomba madogo ya majitaka ya MWAUWASA, mamlaka ya maji na usafi wa mazingira ya Mwanza, na nyumba iliyounganishwa ina thamani zaidi hata kama kuta zake ni mbovu. Njia hiyo hiyo ndiyo itakayopitisha mchanga na saruji kichwani, kwa malipo ya kila safari ya mbebaji.

Kwa nyumba za bondeni, karibu na Mto Mirongo, na zile za kando ya ziwa Kirumba, hatuna huruma. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Urahisi wa bei hapo ni wa kununua mafuriko na hofu ya kubomolewa. Angalia pia alama ya X ukutani, na uulize mipaka ya barabara na reli.

Karatasi sasa. Hatimiliki ndiyo bora, leseni ya makazi inafuata, na karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mtaa ni ushahidi tu wa kwamba mliuziana. Mabatini, Igogo, Mbugani na Isamilo ziko Jiji la Mwanza. Kirumba iko Manispaa ya Ilemela, kwa hiyo usipotee ofisi. Penye hati, fanya upekuzi rasmi kuona kama kuna rehani au zuio, halafu uhamisho upitie Fomu namba 29, 30 na 35 kwa wakili. Muuzaji akiwa na ndoa, mwenzi wake asaini, kwani kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinalinda nyumba ya familia. Nyumba ya urithi, na hizi ni nyingi mjini, iuzwe na msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama, warithi wote wakiwa wameridhia kwa maandishi. Kaka mkubwa mwenye funguo si msimamizi.

Dai risiti za kodi ya pango la ardhi na bili za maji, uone na deni la kodi ya majengo kwenye LUKU. Malipo yapite benki, na sehemu ya mwisho ibaki kwa wakili hadi vyumba viwe vitupu, maana wapangaji wa zamani mara nyingi wamelipa kodi ya miezi ijayo na watabaki na haki ya kukaa.