Raleway kwenye kadi za harusi: majina yanapendeza, namba zinasumbua

Nadizaini kadi za harusi, sendoff na michango hapa Sinza. Mwaka huu fonti niliyoitumia kuliko zote ni Raleway. Ni ya bure, unaishusha Google Fonts, na leseni yake inaruhusu kufanyia biashara. Matt McInerney aliitoa mwaka 2010 ikiwa na unene mmoja tu, ule mwembamba kama uzi. Mwaka 2012 Pablo Impallari na Rodrigo Fuenzalida wakaipanua, ikafika unene wa aina tisa.

Mimi nilinaswa na huo uzi. Andika WAZAZI WA BWANA HARUSI kwa herufi kubwa, ziachanishe kidogo, kadi inatulia yenyewe bila maua wala mapambo. W yake ina mistari inayopishana katikati kama ukili ulioanza kusukwa, na Kiswahili hakina ubahili wa W.

Tatizo ni namba. Ukiiacha ilivyo, tarakimu zake hazilingani kimo: 0, 1 na 2 ni fupi kama herufi ndogo, 6 na 8 zinapanda, 3, 4, 5, 7 na 9 zinaning'inia chini ya mstari. Kwenye kitabu cha hadithi ni urembo. Kwenye kadi ya mchango, ambayo mtu anaifungua atafute namba ya kutuma pesa, ni balaa. Mama mmoja wa Tabata alinipigia kadi zikiwa zimeshagawiwa: "Mwanangu, hii ni sifuri au ni o?" Nikamwambia ni sifuri, mama. "Basi mbona imenywea?" Sikuwa na jibu.

Dawa ipo, ila imefichwa. Tarakimu za kimo kimoja zimo humo humo ndani ya fonti. Lazima uziwashe mwenyewe kwenye mipangilio ya fonti. Hata Word inaweza. Mimi niligundua baada ya miezi minne, na hiyo miezi naionea aibu mpaka leo.

Kosa jingine ni langu mwenyewe. Niliweka ule unene mwembamba kabisa, herufi nyeupe ndogo juu ya rangi ya damu ya mzee. Kwenye kioo cha kompyuta ilikuwa inang'aa. Fundi wa mashine kule Kariakoo akaniangalia, akauliza, "Una uhakika, bosi?" Nikajifanya najua. Wino ukatanuka, ukala herufi, ukumbi haukusomeka. Kadi 200, nikazirudia kwa pesa yangu.

Sasa majina ya maharusi nayaacha membamba, makubwa, wino mweusi kwenye karatasi nyeupe. Ukumbi, saa na namba ya simu vinakwenda kwenye Medium, yaani unene wa kati, na sikubali kadi zichapwe zote kabla sijashika moja mkononi.

Yule mama wa Tabata karudi juzi na sendoff ya binti wa pili. Nilipompa sampuli alianza na namba, jina la mwanawe akalisoma baadaye.