Jiko la kambini: utajuaje kilichobaki?

Malalamiko mliyonitumia yamefanana: gesi imekata, maharage bado mawe. Mmoja alikuwa Mlima Hanang, mwingine njia ya Ruaha, wa tatu Kolo kule Kondoa, kwenye michoro ya miambani. Wote walichagua jiko kwa wepesi na ukali wa moto. Hakuna aliyeuliza atajuaje kiasi kilichobaki. Mimi nalipanga jiko kwa hilo tu.

La kwanza ni Trangia, la Sweden, linalotumia spiriti, na mapenzi yangu kwake siyafichi. Spiriti unaibeba kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, unachora mistari ubavuni: hapa chai ya asubuhi, hapa wali wa jioni. Ukitupa jicho tu unajua kama kesho utakunywa cha moto. Kichomeo kikijazwa huwaka kama dakika 25. Kinga ya upepo ni sehemu ya jiko lenyewe, na matundu yake ya chini unayaelekeza upepo unakotoka. Kwa upepo wa Dodoma hiyo si anasa. Ni la polepole, sibishi. Na mchana moto wake karibu hauonekani, kwa hiyo usiongeze spiriti mpaka uhakikishe limezima na kupoa.

La pili ni jiko dogo linalofungwa juu ya kikopo cha gesi. Linachemsha upesi, lakini kikopo ni chuma, hakisemi kitu. Kutikisa ni kujidanganya. Kipime kikiwa kipya kwenye mzani wa jikoni, andika uzito kwa maka peni, kisha pima tena kila ukirudi safari. Hanang kuna ugomvi mwingine: kilele kiko mita 3,420, na butani, gesi iliyomo kwenye vikopo vingi, huchemka na kuwa mvuke karibu na nyuzi 0, hivyo alfajiri ya baridi inalegea ikiwa bado imo, nawe unadhani imeisha. Tafuta kikopo chenye mchanganyiko wa propani, gesi inayostahimili baridi zaidi. Kwenye ndege usikibebe, hakiruhusiwi.

Jiko la mafuta ya taa la tambi ni rahisi, linanuka, na tangu kodi ya mafuta hayo ipandishwe mwaka 2011 kuzuia yasichakachuliwe kwenye dizeli, hata urahisi wake umepungua. Basi.

Mtungi wa kilo 6 ni wa wenye gari, nami nauweka mwisho kwa kosa lisilo lake. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa hapohapo kwenye mtungi. Unapima, unatoa, unajua. Unapima wapi sasa? EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, inamtaka muuza gesi awe na mizani dukani. Wa mtaani kwangu ana friji ya soda, ana uwakala wa pesa wa mitandao yote, lakini mizani “imeharibika” kila nikienda. Bei haiharibiki. Ukidai upimiwe unajibiwa, “Dada, huniamini?” Sikuamini. Tafuta mizani.