Kununua ihramu Mwanza: ipi uipe nafasi ya kwanza, ipi uiache dukani

Anayejiandaa kwenda Hija au Umra huhangaikia begi, viatu na dawa kwa wiki kadhaa. Ihramu huichukua siku ya mwisho, ikiwa imefungwa kwenye nailoni, bila hata kuikunjua. Hiyo ndiyo nguo atakayotufu nayo, yaani kuizunguka Kaaba, atakayosimama nayo Arafa na kulala nayo Muzdalifa, basi inastahili kukunjuliwa na kupimwa kabla ya kulipiwa.

Kwa mwanamume ni vipande viwili: izari ya kuvaa kiunoni na rida ya kujitanda mabegani. Katika hadithi ya Ibn Umar, Mtume (s.a.w.) aliulizwa muhrimu, yaani aliyekwisha kunuia ihramu, avae nini, naye akajibu kwa kutaja asivyovaa: kanzu, kilemba, suruali, joho lenye kofia, khofu (soksi za ngozi), wala nguo iliyotiwa zafarani au warsi, mmea wa rangi ya manjano. Kinachokatazwa, basi, ni nguo iliyoshonwa kufuata umbo la mwili. Pindo lililopigwa cherehani halina neno, na kiraka vilevile. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaokataa kitambaa kizuri kwa kuwa tu ncha zake zina mshono, wakaondoka na kinachochanika nyuzi.

Weupe wake si lazima, ila ndio bora, kwa kuwa Mtume alihimiza nguo nyeupe kwa walio hai na kwa kuwakafini maiti. Kufanana na sanda hakukuja kwa bahati. Swahaba mmoja alianguka kutoka kwenye mnyama wake hapo Arafa akafa, na Mtume akaamuru akoshwe kwa maji na mkunazi, akafiniwe katika nguo zake mbili zilezile, asitiwe manukato wala asifunikwe kichwa, kwani atafufuliwa siku ya Kiyama akileta talbiya, ule wito wa "Labbayka". Mwenye ghorofa Capri Point na mchukuzi wa mizigo wa Kirumba wakisimama Arafa, huwezi kujua yupi ni yupi. Kwa hiyo ukionyeshwa ihramu yenye nembo iliyodariziwa au mstari wa kung'aa pembeni, ukaambiwa hiyo ndiyo ya daraja la juu, iache. Inauza kilekile ambacho vazi hili limekuja kukiondoa.

Sasa joto. Sisi tumezoea upepo wa ziwa, na Makka hakuna ziwa. Katika Hija ya mwaka 2024 joto lilipita nyuzi 50 kwenye Msikiti Mtukufu, na mahujaji zaidi ya 1,300 walifariki. Sa'yi peke yake, safari saba baina ya Safa na Marwa, ni zaidi ya kilomita 3 kwa miguu. Kitambaa ninakipanga kwa mizani hiyo: kipitishe hewa, kisionyeshe mwili, kisiteleze kiunoni.

Nafasi ya kwanza: izari ya taulo jepesi, rida ya pamba iliyofumwa

Maduka mengi huuza seti ya vipande viwili vya aina moja, lakini kazi zake si moja. Izari inabeba sitara yote na lazima ishike kiunoni. Taulo jepesi la pamba lina ukwaruzo kidogo, halitelezi na halionyeshi kitu. Rida hukaa mabegani, huteremshwa chini ya kwapa la kulia wakati wa tawafu ya kuwasili au ya Umra, kisha hurudishwa juu wakati wa kuswali. Hiyo iwe nyepesi, ya pamba iliyofumwa bila manyoya ya taulo. Zungukia maduka ya vitambaa katikati ya jiji, kuanzia Makoroboi hadi karibu na Soko Kuu, ukamwombe mwenye duka akukatie rida kwenye jora na taulo ulichukue kwingine. Fundi atakupigia pindo kwa dakika chache.

Nafasi ya pili: vipande vyote viwili vya pamba iliyofumwa, yenye uzito wa wastani

Hii ni nzuri sana kwa joto na hukauka haraka ukiifua hotelini. Shida yake ni wepesi wa kuonyesha. Bafta ile laini inayokatwa kwa ajili ya sanda haifai kwa izari: ikilowa jasho hushika mwili na kuonyesha rangi ya ngozi. Ilowanishe pembe, weka kiganja nyuma yake, uitazame kwenye mwanga. Ukiona vidole, tafuta nzito zaidi.

Kwa asiye na fedha nyingi, hapa pana njia ambayo watu wanaionea haya bure. Kwenye mitumba ya Mlango Mmoja hupatikana shuka nyeupe za kitandani za pamba tupu, imara kuliko seti nyingi za dukani. Kagua madoa, kata ncha zenye mpira, ifue mpaka uridhike na tahara yake. Ihramu haipungui thamani kwa kuwa imeshatumika.

Nafasi ya tatu: taulo zito

Ndiyo inayopendwa zaidi, na huwa nzuri ndani ya ndege yenye baridi na usiku wa Muzdalifa, ambapo watu hulala nje. Lakini mchana hunyonya jasho, hulemea mabega na husugua mapaja. Mzee wa miaka sabini anayeburuta taulo lililolowa katika sa'yi anapata taabu ambayo haikuwa ya lazima. Ukiwa nayo tayari, ifanye ya akiba, ununue nyingine ya mchana. Seti mbili ni lazima hata hivyo.

Ya mwisho: poliesta

Inang'aa, haikunjiki, bei yake inavutia, na inahifadhi joto mwilini. Baadhi huuzwa kwa jina la pamba. Chomoa uzi mmoja, uombe kiberiti: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Muuzaji mkweli hatakukatalia jaribio hilo.

Kuhusu ukubwa, mita 2 kwa mita 1 na robo huwatosha wengi, na mwenye mwili mkubwa aongeze nusu mita kwenye urefu. Usipime kwa macho. Jifunge dukani juu ya suruali, rukuu, kisha nyanyua mguu kama anayepanda ngazi. Izari ikifunguka mbele hadi pajani, ni fupi.

Mkanda wenye mfuko wa pasipoti na fedha unaruhusiwa, na mishono yake haidhuru. Pini ni jambo jingine: katika madhehebu ya Shafi'i, ambayo wengi wetu tunaifuata, izari inaweza kufungwa lakini rida haifungwi fundo wala kubanwa. Izari zilizoshonwa duara na kutiwa mpira wanazuoni wamehitilafiana juu yake, basi muulize shehe wako kabla ya kulipa. Na baba mwenye maradhi ya mkojo anayehitaji nepi ya watu wazima asiikose Hija kwa aibu: avae, amweleze shehe wa kikundi, na fidia ipo: kufunga siku 3, kulisha maskini 6, au kuchinja. Viatu viwe kandambili au makubadhi yanayoacha wazi vidole na kisigino. Kichwa hakifunikwi, lakini mwamvuli unaruhusiwa, nao ununue wenye kitambaa kizito.

Sabuni na mafuta ya michubuko yasiwe na harufu. Manukato ya mwilini kabla ya kunuia ni sunna, ila ihramu yenyewe usiifukize udi.

Akina mama hawana sare maalumu, na rangi nyeupe si sharti kwao. Sharti ni sitara pana, uso bila niqabu na mikono bila glavu. Soksi wanavaa. Nafasi ya kwanza ningeipa baibui la kitambaa chepesi chenye pamba, rangi ya udongo au kijivu, urefu usioburuta kwenye ngazi za umeme. Baibui la krepu nzito, hata likiwa zuri namna gani, mama alibakize kwa harusi. Kikundi kikishona sare, akina mama na wasisitize wachaguliwe kitambaa kinachopitisha hewa, kwa kuwa mara nyingi huchaguliwa rangi kwanza.

Mwisho, ukitoka hapa unaruka hadi Dar es Salaam, na kutoka huko wengi hushukia Jeddah. Anayekwenda Makka moja kwa moja hunuia ndege ikifika usawa wa mikati, yaani mpaka usiovukwa bila ihramu, kabla ya kutua, kwa hiyo seti moja aivae mapema au aiweke kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo wa chini. Anayeanzia Madina atahirimia Dhul Hulayfa, mikati ya watu wa Madina, na ana nafasi zaidi. Seti zote mbili zifue mara moja au mbili kabla ya safari, maana taulo jipya huacha manyoya na pamba mpya husinyaa.