Tanuri la koni la bayochari: kagua kitako kabla ya kulipa

Ni koni la chuma lililo wazi juu: upana wa mdomo sentimita 120, kitako 60, kina 70. Umbo hili, maarufu kwa jina la Kon-Tiki, lilitoka Uswisi mwaka 2014, na fundi yeyote wa kuchomelea hapa Kigoma anaweza kulitengeneza kwa oda. Linageuza magunzi, mabua na makuti ya michikichi kuwa bayochari, mkaa wa kuchanganya na udongo.

Shida huanzia kwa fundi. Aliyezoea majiko ya mkaa atatoboa matundu chini "ili moto upumue". Kataa. Katika tanuri hili moto hukaa juu na kula hewa yote, makaa ya chini yakabaki salama. Hewa ikipita chini, utavuna majivu. Bamba liwe la milimita 2. Jembamba zaidi hupinda na mchomeleo hupasuka. Koki ya kutolea maji ya kuzimia iwe ya shaba na ifungwe wakati wa kuchoma. Ya plastiki itayeyuka siku ya kwanza.

Washa vijiti vikavu kitakoni, kisha ongeza malighafi tabaka jembamba kila tabaka la juu linapoanza kuvaa majivu meupe. Ukichelewa, unaunguza mkaa wako mwenyewe. Ukijaza kwa pupa, moto unazimika na moshi unatanda hadi kwa majirani. Moshi mzito mweupe kwa kawaida ni dalili ya unyevu: magunzi yaanikwe hadi yavunjike kwa mlio. Tanuri hujaa kwa saa mbili hadi tatu. Zima kwa ndoo sita au saba za lita 20, na usiondoke hadi katikati papoe kabisa, maana rundo lililoonekana limezimika huwaka tena usiku.

Maganda ya mise (kokwa za chikichi) yachanganywe na makuti, yakiwa peke yake hushikana na kuziba hewa. Pumba za mpunga sahau kabisa, zinataka tanuri lenye bomba la katikati.

Mkaa mzuri ukiusugua kiganjani hutoka kwa maji matupu. Ukiacha utelezi wa lami, haujaiva.

Kilo 60 kavu za mkaa huu zenye kaboni robo tatu ni kilo 45 za kaboni, sawa na kilo 165 za hewa ukaa. Sehemu kubwa yake hudumu udongoni kwa karne, wakati mabua yaliyoachwa yaoze huirudisha angani ndani ya miaka michache. Lakini usiumwage mkaa shambani peke yake: hufyonza naitrojeni na mahindi yakageuka njano. Changanya nusu kwa nusu na samadi, lowanisha, subiri wiki tatu. Kwa shimo la mgomba au la kahawa zinatosha kilo moja hadi mbili. Kwenye udongo wenye tindikali, kama wa Kasulu na Buhigwe, husaidia, ila chokaa bado inahitajika.

Je, ununue? Kikundi, ndiyo: tanuri lina uzito wa karibu kilo 40, watu wawili wanalihamisha shamba hadi shamba. Mwenye ekari moja kwenye udongo wa mfinyanzi achimbe tu shimo la umbo hilohilo. Mkaa utakaribia ubora uleule, ingawa kuuzima na kuuzoa ni kazi zaidi. Kwenye mchanga wa ufukweni Ujiji shimo linabomoka, na hapo tanuri halina mbadala.