Uma wa mbele kwa baiskeli ya mbio ya zamani: upi ununue, upi uuache sokoni

Ukienda kununua uma wa mbele, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, nenda na rula, na ukiweza azima kalipa, kile kipimo cha taya cha kupimia kipenyo. Kifaa hiki huuzwa kwa kukisia. Muuzaji anachomeka gurudumu, linaingia, anakwambia "hii inakaa, kaka", na biashara imeisha. Lakini upana wa sehemu ya ekseli ya mbele ni mm 100 kwa baiskeli nyingi sana, za mbio na za milimani, kwa hiyo gurudumu kuingia hakukwambii lolote. Na huku kwetu uma si wa kubahatisha: ukitoka Iringa mjini kushuka Ipogolo, au kule Mbeya ukiteremka Iwambi kuelekea Mbalizi na lori nyuma yako, maisha yako yote yameegemea vipande viwili vya bomba.

Anza na shina, lile bomba linalopita ndani ya kichwa cha fremu. Baiskeli za mbio za miaka ya 1970 na 1980, ambazo ndizo nyingi kwenye mitumba, zina shina la inchi 1, yaani mm 25.4, lenye nyuzi za kufungia nati juu. Uma wa kisasa una shina la inchi 1⅛ (mm 28.6) lisilo na nyuzi, na mwingine hunenepa chini hadi inchi 1½. Huo hauingii. Akitokea fundi akasema atakipanua kichwa cha fremu, mshukuru uondoke.

Urefu wa shina unatafutwa hivi: pima kichwa cha fremu, ongeza unene wa vikombe (vile vinavyobeba gololi juu na chini ya kichwa) na nati zake, kisha punguza mm 1 au 2 ili nati ya juu isigonge mwisho kabla ya kubana. Kichwa cha mm 130 chenye vikombe vya jumla ya mm 36 kinataka shina la mm 164 au 165. Likiwa refu hukatwa. Likiwa fupi, rudisha.

Halafu pima kutoka katikati ya ekseli hadi begani, pale uma unapokutana na kikombe cha chini. Uma wa mbio kwa kawaida unacheza kwenye mm 365 hadi 375. Ukiweka mfupi kwa sentimita moja, kichwa cha fremu kinasimama zaidi kwa karibu nusu digrii na usukani unakuwa mwepesi, jambo ambalo utalihisi kwenye mteremko, si kwenye tambarare ya Uyole. Tazama pia jinsi miguu ya uma ilivyopinda mbele. Upindo ukipungua, ncha ya kiatu chako inaweza kugusa tairi unapokata kona ya polepole.

Sasa orodha yangu.

Wa kwanza, bila kusita: uma wa chuma wa mtumba, shina la inchi 1 lenye nyuzi, uliotolewa kwenye baiskeli ya aina na saizi kama yako. Unabaki na vikombe vyako, stemu yako (kile kipande kinachoshika usukani kwenye shina), usukani wako na breki zako. Kagua nyuzi kwa kuzungushia nati kwa mkono: ikishika mizunguko miwili halafu ikagoma, usilazimishe kwa spana. Nyuzi za kawaida ni 24 kwa inchi, ila Peugeot na wenzake wa Ufaransa wa miaka ya 1970 walitumia shina la mm 25 lenye hatua ya mm 1 kati ya uzi na uzi, na hizo hazikubaliani na zile hata kidogo. Kwa baiskeli za Kijapani, pima pale chini kinapokaa kipete cha gololi: nyingi zina mm 27.0 badala ya mm 26.4 za Ulaya. Tofauti ndogo, lakini kipete cha 26.4 hakitakaa kwenye 27.0, na kinyume chake kitacheza. Mwisho, laza uma juu ya kioo cha meza au dirisha uone kama miguu yote iko sawa.

Wa pili: uma mpya wa chuma wenye shina la inchi 1 lisilo na nyuzi. Ni mzuri, na kurekebisha gololi zake ni rahisi kuliko mfumo wa nati mbili. Tatizo ni msururu wa gharama. Utahitaji vikombe vipya. Utahitaji stemu ya kubana kwa nje. Ya inchi 1 ni adimu, hivyo watu huvalisha bushi na kutumia ya inchi 1⅛. Stemu hiyo ya kisasa inabana usukani wa mm 31.8, wakati wako ni wa mm 25.4 au 26.0, kwa hiyo usukani nao umeingia kwenye bajeti, na ukibadilisha usukani utabadilisha utepe na pengine nyaya. Piga hesabu yote kabla ya kuagiza kutoka Dar es Salaam.

Wa tatu: uma wa kaboni wenye shina la inchi 1. Mpya, sina ugomvi nayo, ingawa kuipata ni kazi na bei yake inaweza kupita ya baiskeli nzima. Ya mtumba sinunui. Chuma kikichoka hupinda au kuonyesha ufa kwenye rangi. Kaboni inaweza kuficha jeraha la ajali mpaka siku inapokatika.

Uma wa baiskeli ya mizigo ya inchi 28 ndio utakaopewa kirahisi zaidi, na ndio wa kuuacha. Rimu yake ina kipenyo cha mm 635, ya kwako ni 622 au, zile za inchi 27, 630. Kati ya 635 na 622 kuna mm 6.5 kila upande, kwa hiyo vipira vya breki vitaning'inia juu ya rimu au kugusa tairi. Uma wa shokapu wa baiskeli ya milimani sijauorodhesha kwa sababu unainua pua ya baiskeli mpaka usukani unakuwa kama wa toroli.

Siku ya kufunga, mwambie fundi agonge kipete cha chini kwa bomba linalokienea mzunguko wote, si kwa patasi upande huu na upande ule. Stemu ya zamani ishuke mpaka kabari yake ipite eneo la nyuzi, maana ikibana hapo shina hupasuka. Kisha kamata breki ya mbele na usukume baiskeli mbele na nyuma: ukisikia tko-tko, gololi bado hazijakazwa. Rudia jaribio hilo baada ya safari ya kwanza ya vumbi.