Siki ya Tembo, Mafuta ya Makonyo na Dawa za "Asili" za Dukani: Ipi Inaua Vijidudu?

Karibuni watazamaji, wa Mtwara, wa Mikindani, wa Lindi mpaka Kilwa. Mezani leo kuna vitu vinne: dawa ya kupulizia ya dukani yenye thaimoli, siki (ya dukani na ya tembo, yaani pombe ya mnazi), mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, na maji ya mwarobaini. Vyote vinasifiwa kwamba vinaua vijidudu nyumbani. Vinaua kweli? Tuanze na chupa ya dukani.

Igeuze usome mgongoni. Mbele pameandikwa "imetokana na mimea", lakini hayo ni maneno ya muuzaji. Nyuma tafuta jina la kiambato kinachoua, asilimia yake, na dakika ambazo sehemu inatakiwa kubaki imelowa. Kimoja kikikosekana hapo, umenunua manukato. Hii yetu ina thaimoli, kemikali inayopatikana kwenye mmea wa thaimu. Ni kiambato cha kuaminika, hata Marekani kimesajiliwa kwa dawa za kuua vijidudu. Muda wake ni dakika 10.

Na hizo dakika 10 ndizo zinazowashinda watu. Hapa kwetu, upepo wa kusi ukiingia dirishani au feni ikizunguka, ukungu mwembamba uliopulizia unakauka haraka sana, na dawa iliyokauka haifanyi tena kazi. Kwa hiyo puliza mpaka meza ing'ae kwa maji, angalia saa, ikianza kukauka puliza tena. Tena uwe umeshaosha kwa sabuni na kusuuza. Mafuta ya samaki yakibaki juu ya ubao, vijidudu vinajificha chini yake na dawa inaishia juu juu. Ukinunua chupa hii halafu ukapuliza na kufuta papo hapo, kitambaa na sabuni vingekufaa zaidi.

Sasa siki. Nyeupe ya dukani huwa na asidi ya asilimia 5. Ile ya tembo la mnazi, iliyoachwa mpaka ikachacha, haina kipimo, lakini unaweza kuikadiria. Weka siki vijiko 4 vya chakula kwenye glasi. Chukua kijiko kimoja cha chai cha bikabonati, kilichosawazishwa, siyo beking pauda wala hamira. Tia kidogo kidogo huku ukikoroga. Siki ya asilimia 5 inakula karibu kijiko chote ndipo povu linakoma. Yako ikikoma kwenye nusu kijiko, ina nguvu nusu, hiyo iache kwenye kachumbari.

Hata ikiwa na nguvu zote, siki si dawa ya kutegemea dhidi ya vijidudu. Ni fundi wa kutoa magamba ya chokaa: birika, bomba, kioo cha bafuni. Changanya nusu kwa nusu na maji, acha dakika 30, sugua. Kwenye sakafu ya saruji nyekundu au terazo usiimwage, kwa sababu asidi inakula chokaa iliyomo na sakafu inapoteza mng'ao, hairudi. Kwenye mbuzi ya nazi pia hapana. Chuma kikilambwa na siki halafu kikapata hewa ya bahari, kesho asubuhi ni kutu tupu. Ndimu ina tabia hizo hizo.

Kosa jingine ni kuchanganya. Siki na sabuni ya mche kwenye ndoo moja zinakatika, zinabaki mabonge ya mafuta yanayoganda kwenye kitambaa. Siki na bikabonati zinatoa povu zuri la kurekodi, kinachobaki ni maji yenye chumvi.

Mafuta ya makonyo, yanayotolewa kwa mvuke huko Pemba, ndiyo yenye nguvu zaidi kati ya vitu vya asili vilivyopo hapa. Shida ni kwamba hayayeyuki kwenye maji. Ukidondosha matone kwenye chupa ya maji yanajitenga, puliza moja ni maji matupu na jingine linaunguza ngozi. Yeyusha matone 20 kwenye mililita 100 za spiriti ya asilimia 70. Hapo, kusema ukweli, anayeua zaidi ni spiriti, karafuu inasaidia na kunukia. Nipa, ile pombe kali ya kienyeji, haiwezi kuwa badala ya spiriti, nguvu yake hakuna aliyeipima. Tumia chupa ya glasi, maana mafuta haya yanalainisha baadhi ya plastiki. Usipulizie karibu na jiko linalowaka. Na kama una paka, acha kabisa: mwili wake hauwezi kuyachuja.

Maji ya mwarobaini sitakaa nayo muda mrefu. Mwarobaini unajulikana kwa kufukuza wadudu. Ukichemsha majani ukaweka maji kwenye chupa, yanaoza ndani ya siku chache, na ukipangusia meza unapaka bakteria.

Nyumba ikiwa na mgonjwa wa kuhara au kutapika, vyote hivi weka kando. Chukua dawa ya klorini ya asilimia 3.5, ile ya nguo nyeupe. Palipochafuka, sehemu 1 ya dawa kwa 6 za maji, uache dakika 10. Sakafu nyingine, vijiko 2 vya chakula kwa lita moja. Changanya siku hiyo hiyo, maana inapungua nguvu ikikaa. Na kama ulishapitisha siki au ndimu hapo, suuza kwanza kwa maji mengi: vikikutana vinatoa gesi ya klorini, na choo chetu cha dirisha dogo hakina pa kuitolea.