Walituwashia taa Lupita hajaja na mtoto

Ukumbi wenyewe wa sinema siutaji. Uko Dar, ndani ya jengo la maduka, una viyoyozi na viti vya kulalia, na mpaka sasa nikipita njia ile moyo unanichafuka.

Filamu ilikuwa Black Panther: Wakanda Forever, wiki zile za mwanzo ilipotoka. Nilikwenda na binti wa kaka yangu, yuko sekondari, mtoto mwenye mapenzi ya sinema kuliko mtu yeyote ninayemjua. Yeye kabla ya kutoka nyumbani huangalia kwenye simu kama filamu ina kipande cha ziada kwenye majina, yale ya waliotengeneza filamu yanayopita mwishoni, kipo kimoja au viwili, kipo katikati au mwisho kabisa. Haangalii kipande kinahusu nini, hataki kuharibiwa uhondo. Siku ile akaniambia, "Shangazi, kipo kimoja, kinakuja mapema tu, tusinyanyuke." Sawa.

Tukafika mwisho. Walioiona wanajua. Shuri, dada wa mfalme aliyekufa wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Kiafrika, amekaa peke yake ufukweni Haiti, anachoma vazi la msiba, sura za kaka yake zinapita kimya kimya bila muziki wala neno. Ukumbi mzima watu wanafuta machozi. Kisha yakaanza majina na wimbo wa Rihanna, na nyuma ya majina unaona kitambaa kinaendelea kuungua polepole. Wimbo haujafika mbali, pah! Taa zote. Sisemi zile hafifu za kwenye ngazi, nasema zote, za dari nzima, mpaka nikaziba macho kwa mkono. Mlango wa chini ukafunguliwa, wakaingia vijana na mifagio na mifuko myeusi ya taka, wakaanza kuokota vikopo mstari wa mbele huku filamu inaendelea juu ya vichwa vyao.

Mmoja akapanda mpaka kwetu.

"Dada, sinema imeisha. Tunaomba mtoke tufanye usafi."

"Haijaisha, mdogo wangu. Bado kuna kipande. Tupe dakika chache tu."

"Hakuna kitu hapo, ni majina tu."

Mpwa wangu akamwambia kwa adabu kabisa, "Kipo kaka, kinakuja sasa hivi baada ya wimbo." Yule kijana akacheka. Akanitazama mimi, si yeye, akasema, "Sasa dada, hayo majina ya Wazungu unataka uyasome yote?"

Kulikuwa na watu wengine wamesimama katikati ya viti, wengine wamekwisha kaa tena walipotusikia. Nikadhani tukiwa wengi atatuacha. Akachomoa redio yake ya mkononi kiunoni, akasema ukumbi wetu uzimwe. Skrini ikawa nyeusi, Rihanna akakatika katikati ya neno. Nimeangalia sinema tangu utotoni, sijawahi kuzimiwa filamu usoni namna ile.

Sasa nieleze walichotuzimia, maana kuna watu watasema ninalia kwa jambo dogo. Kama hujaiona bado, ruka aya hii na inayofuata.

Chadwick Boseman, aliyemwigiza mfalme T'Challa, kaka yake Shuri, alifariki Agosti 2020 kwa saratani ya utumbo mpana, akiwa na miaka 43. Waliotengeneza filamu hawakutafuta mtu mwingine wa kuvaa vazi lake. Walimwacha mfalme T'Challa afe kama mwigizaji alivyokufa, na filamu yote ya pili ni msiba wake: mazishi mwanzoni watu wamevaa nyeupe, mama anayelia, dada anayekataa kulia. Hilo swali la dada mtu, atamalizaje msiba wa kaka yake, linabebwa saa mbili na zaidi. Na jibu lake haliko kabla ya majina. Liko kwenye kile kipande. Nakia, mpenzi wa T'Challa, yaani Lupita Nyong'o, anakuja pale pale ufukweni ameshika mkono wa mtoto wa kiume. Kumbe T'Challa aliacha mtoto, wakakubaliana na Nakia alelewe Haiti, mbali na presha za kiti cha enzi. Mtoto anamwambia Shuri anaitwa Toussaint, kisha anamtajia jina lake la nyumbani, T'Challa, mwana wa mfalme T'Challa. Shuri anatabasamu.

Mnaona? Sisi wenyewe tunaona mtu akifa anarudi kwa jina, mjukuu anaitwa babu, na bibi anamwita mtoto mchanga "mume wangu". Hakuna ukumbi duniani ambao ungepaswa kuelewa kipande kile kuliko wa kwetu. Tena aliyekileta ni Lupita, binti wa wazazi Wakenya, aliyekulia hapa jirani. Ukimwondoa mtu kabla ya hapo ni sawa na kuwatawanya watu msibani kabla dua haijasomwa. Ameondoka na huzuni, faraja imebaki ndani ya mashine.

Ingekuwa filamu nyingine labda ningenyamaza. Vipande hivi havifanani uzito. Kile cha The Avengers ya 2012, mashujaa wamekaa kimya wanakula shawarma, ni raha tu. Ukikikosa hujapoteza hadithi. Avengers: Endgame ya 2019 haikuwa na kipande kabisa, waliosubiri mpaka mwisho walisikia mlio wa nyundo ikigonga chuma, kumbukumbu ya Iron Man wa kwanza, basi. Kwa hayo ningesema mnihurumie, nikachukua mkoba wangu nikaenda zangu. Lakini tangu Iron Man ya 2008, Samuel L. Jackson alipotokea baada ya majina kumwambia Tony Stark, yaani Iron Man mwenyewe, hayuko peke yake, ulimwengu mzima unajua filamu za Marvel, kampuni ya hizi zote, haziishi majina yanapoanza. Dereva wa bodaboda anajua. Mtoto wa sekondari anajua. Mtu ambaye kazi yake ya kila siku, inayomlisha, ni kuonyesha filamu, ananiambia hakuna kitu hapo!

Na hilo la "majina ya Wazungu" ndilo linaloniuma zaidi ya taa. Katika majina yale yumo Ryan Coogler, mwongozaji, Mmarekani mweusi. Yumo Ruth E. Carter aliyebuni mavazi, aliyepata Oscar kwa filamu ya kwanza na akaipata tena kwa hii, mwanamke mweusi wa kwanza kufikisha mbili. Yumo Baaba Maal wa Senegal, ambaye sauti yake ndiyo iliyotupeleka Wakanda tangu 2018. Wimbo wenyewe uliokatwa, mmoja wa waandishi wake ni Tems, dada wa Kinigeria. Hayo ndiyo majina ya Wazungu? Watu wa Afrika na wa asili ya Afrika wamefanya kazi ya kiwango cha juu kabisa, wanaandikwa mbele ya dunia nzima, na Mwafrika mwenzao anawafagilia mbali hajawatazama hata mara moja.

Niseme pia kitu ambacho kimekuwa kikinirudia kichwani. Sisi tuliokulia uswahilini tumeangalia filamu kwenye vibanda umiza, mabenchi ya mbao, jasho, televisheni moja na spika zinazokwaruza. Mkanda wa Jackie Chan ukiisha hakuna aliyenyanyuka. Kila mtu alijua majina yakianza ndipo zinapokuja zile picha za makosa: anakosa ngazi, anaanguka, wanamkimbilia na machela, anacheka na damu mdomoni. Kwenye Rumble in the Bronx walituonyesha alivyovunjika mguu na bado akaendelea kupiga kazi, plasta imefunikwa soksi iliyopakwa rangi ifanane na kiatu. Tulishangilia kuliko tulivyoshangilia filamu. Na mwenye kibanda, aliyekuwa na foleni ya watoto nje wanasubiri kuingia, hakuwahi kutuzimia. Kiingilio kilikuwa sarafu. Alijua tumelipia mkanda mpaka unapokwisha. Huku kwenye viyoyozi nimelipa hela ambayo nyumbani ni mboga ya siku kadhaa, nimewekwa nje mkanda haujakwisha.

Wala msiniambie ni mitambo. Siku hizi filamu haziji kwenye magurudumu ya mkanda, zinakuja kwenye diski, zinapakiwa kwenye seva, na wahusika huweka alama mapema kwamba ikifika dakika fulani taa ziwake. Alama ile mtu ndiye anayeiweka. Ukiweza kuiweka mwanzo wa majina, unaweza kuiweka baada ya kipande. Kwa filamu hii hata hawakuhitaji kutusubirisha mpaka majina yote yaishe, maana huko mwisho kabisa hakuna tena kipande. Dakika chache tu, wimbo na mazungumzo mafupi. Wangetuachia hizo, wangefagia kwa raha zao na sisi tungewaaga kwa shukrani.

Haki yao niwape. Sauti ya ukumbi ule ni safi, nadhani hakuna inayoipita hapa mjini. Mabomu yanapolia chini ya maji kwenye filamu ile unayasikia kifuani. Viti vizima, choo kisafi, na binti wa dirishani aliyetukatia tiketi alikuwa na lugha nzuri, alitushauri mstari wa kukaa na alikuwa sahihi. Nilipoanza kuandika nilitaka nitoe nyota tatu kwa ajili ya hayo. Hata yule kijana wa ufagio, nikitulia, naona alikuwa anatimiza alichoagizwa, ana kumbi kadhaa za kusafisha na msimamizi juu ya kichwa chake anahesabu muda. Nikasema moyoni, kosa ni la ratiba, waliobana maonyesho mpaka hayana pumzi katikati. Wakirekebisha ratiba nitarudi.

Halafu nakumbuka meneja.

Tulimfuata pale kaunta ya bisi, tukiwa watu kadhaa, na baba mmoja mtu mzima ndiye aliyetangulia kuzungumza, taratibu, kwa heshima zote. Meneja akatusikiliza huku anaandika ujumbe kwenye simu. Alipomaliza kuandika akasema, "Poleni jamani. Ila hivyo vipande mbona vyote viko YouTube? Mkifika nyumbani mnaangalia tu." Kisha akamwambia binti wa kaunta atupe bisi ndogo moja moja.

Bisi! Kama ni kuangalia kwenye simu, nilikuja kufanya nini pale? Filamu nzima si itakuja kwenye simu siku moja? Yeye mwenyewe anayeuza skrini kubwa na giza na sauti ndiye anayetuambia mwisho wa hadithi unatosha kwenye kioo cha kiganja. Yule baba mtu mzima aliisukuma bisi yake ikarudi kaunta, akaondoka bila kuaga. Nami sikuichukua. Mpwa wangu alikuwa amesimama pembeni, ameshika mkoba wangu, hasemi kitu.

Hakukiangalia kipande usiku ule, alikataa. Alisema atakuja kukiona filamu ikitoka ya kuangalia nyumbani, yote kwa pamoja, kama ilivyokusudiwa. Jumatatu akarudi kutoka shule uso umemshuka. "Shangazi, kumbe alikuwa na mtoto. Wamenisimulia kwenye foleni ya chai." Mtoto aliyejizuia asijue chochote, aliyeifuata hadithi ile tangu yuko shule ya msingi, tulipovaa vitenge kwenda kuona ya kwanza mwaka 2018, amekuja kuambiwa mwisho wake na mtu mwenye andazi mdomoni. Nani atamrudishia hilo? Hata nikimlipia tiketi ya pili, tayari anajua.

Kwa hiyo zile nyota tatu nazifuta. Naacha moja, ya binti wa dirishani, na ningekuwa na namna ya kumpa yeye peke yake ningempa.

Majuzi imetoka filamu nyingine ambayo mpwa wangu anaitaka, nikapiga simu pale kabla ya kununua, kwa sababu ya ile sauti yao na kwa sababu ni karibu na nyumbani. Nikauliza swali moja: je, siku hizi mnaacha majina mpaka kipande cha ziada kipite? Aliyepokea akanyamaza kidogo, akamuuliza mtu pembeni yake, akarudi. "Inategemea dada, kama onyesho linalofuata limejaa tunawahi kusafisha." Nikamshukuru. Tiketi nimenunua ukumbi mwingine, upande wa pili wa mji, daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na mpwa wangu amekwisha nitumia ujumbe kwamba hii ina vipande viwili.